Mzee Akihama, Akabidhiwe kwa Jina

Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii, viongozi wa vyama na wazee wa mtaa, Eastlands, Nairobi

Wazee wangu, akina mama na akina baba wa vyama, wahudumu wa afya ya jamii, na nyinyi vijana mlioacha kibarua cha Jumamosi mkaja kukaa nasi, hamjambo.

Nimeombwa niseme juu ya wazee waliohama makwao bila kupenda. Nina neno moja kuu, na nitalisema sasa hivi ili hata atakayetoka mapema awe amelisikia. Katika mji huu karibu kila msaada anaoupata mzee umefungwa kwenye mlango wa nyumba yake. Mlango ule ukibomolewa, au ukisombwa na maji, mzee hutoka kwenye orodha zote kwa siku moja. Basi kila mzee anayehama akabidhiwe. Mtu wa kule alikotoka amkabidhi kwa mtu wa kule alikofikia, kwa jina, na hao wawili wapigiane simu.

Mtu akisikia habari za waliohamishwa, mawazo yake hukimbilia kambi za wakimbizi za Dadaab au Kakuma. Hapa Nairobi hatuna mahema. Anayefukuzwa na maji au tingatinga hupakia godoro na sufuria kwenye mkokoteni, akatafuta chumba kingine cha mabati mtaa wa pili, au akaenda kwa mwanawe Kayole, Njiru, Ruai ama Githurai. Kufikia jioni amemezwa na mji ambao sensa ya mwaka 2019 iliukuta na zaidi ya watu milioni 4. Kwenye ploti mpya anaonekana mpangaji tu wa kawaida aliyezeeka. Hakuna anayejua kwamba wiki iliyopita alikuwa na nyumba aliyokaa miaka thelathini.

Na jambo hili si la jana. Vurugu zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwang'oa makwao zaidi ya watu 600,000 nchini, na uwanja wa maonyesho wa Jamhuri hapa mjini ukajaa familia. Julai 2018 nyumba za Kibera zilibomolewa kupisha barabara, na watu wapatao 30,000 wakabaki nje. Mei 2020, katikati ya kafyu ya korona na mvua, ikawa zamu ya Kariobangi Kaskazini. Mwaka uliofuata ikawa Mukuru kwa Njenga. Kisha yakaja masika ya 2024. Mto Mathare uliingia vyumbani usiku wa Aprili, watu wakafa, na waliosalimika ndani ya mita 30 kutoka ukingoni wakaamriwa waondoke, nyumba zikalazwa chini. Familia ziliahidiwa shilingi 10,000 kila moja za kuhamia kwingine. Wamo humu ukumbini wazee waliopitia mawili au matatu ya hayo, na ninawaona wakitikisa kichwa. Mabishano ya ardhi na nani alistahili kubomolewa siyagusi leo. Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, wameyabeba tangu miaka ya 1990, na wanayajua kuliko mimi.

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nianzie mwilini.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 uligundua kwamba karibu robo ya Wakenya wa miaka 18 hadi 69 wana presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Umri ukipanda, presha nayo hupanda, kwa hiyo kwa wazee hali ni nzito zaidi. Sasa mfikirieni mtu wa miaka 72 anayeamshwa saa nane za usiku na maji ya magotini. Atamshika mjukuu. Akijaliwa atakumbuka kitambulisho. Pakiti ya vidonge iliyo chini ya mto wa kulalia itabaki. Na presha haiumi. Wiki ya kwanza bila dawa hasikii kitu, wiki ya pili bado anatembea, na kwa kuwa hasikii kitu, pesa kidogo aliyonayo inakwenda kwenye dipoziti ya chumba na unga wa wajukuu. Halafu asubuhi moja mdomo unakwenda upande, mkono hauinuki, maneno yanakwama.

Hapo ndipo mlango mpya unapomponza. Kule alikotoka, mama wa chumba cha pili angepiga kelele mara moja, kwa sababu anajua jana huyu shosho alikuwa akiongea vizuri na kufua nguo zake. Kwenye ploti mpya, jirani anamwona mzee anayeburuta mguu na kutafuna maneno, anadhani ndivyo alivyo. Anampa pole na kupita. Kiharusi hakimsubiri mtu, kila saa inayopita inaondoka na sehemu ya ubongo. Nimepokea wazee walioletwa siku ya tatu, na kila nilipouliza kwa nini wamechelewa, jibu lilikuwa lile lile: hatukujua kama amebadilika. Mnielewe vizuri. Watu hao hawakuwa na roho mbaya. Hawakumjua mgonjwa.

Jambo linalofuata watu huona haya kulisema mkutanoni, lakini nikilinyamazia nitakuwa nimewadanganya. Ni choo. Katika ploti nyingi zetu choo ni cha kulipia, shilingi tano au kumi kila mara, na kiko mbali, gizani, baada ya mtaro na ngazi ambazo mzee hajazizoea. Anafanya nini? Anaacha kunywa maji kuanzia saa kumi za jioni. Wengine hawanywi kabisa isipokuwa chai ya asubuhi. Mwili unakauka, tumbo linafunga, mkojo unaanza kuchoma. Na maambukizi ya njia ya mkojo kwa mtu mzima sana mara nyingi hayaji na homa kama kwa kijana. Yanakuja na kuchanganyikiwa. Mzee anaita majina ya watu waliokufa, anatoka nje usiku akitafuta nyumba iliyobomolewa. Familia inasema uzee umemfika, au kuna mkono wa mtu, na mahali pa kupima mkojo wanatafuta maombi. Mimi ni muumini, naombea wagonjwa wangu. Lakini mkojo upimwe pia.

Ndoo yenye mfuniko na tochi ndogo vinaokoa nyonga za wazee wengi kuliko mnavyodhani. Mwenye kikundi hapa akitaka kujua wanunue nini na michango yao, nimejibu. Mzungumze pia na mwenye choo au keateka wa ploti, mzee aandikwe alipe mwisho wa mwezi, asihesabu sarafu usiku. Nimeona ploti Huruma waliokubaliana hivyo kwa mazungumzo ya dakika kumi.

Miwani iliyobaki kwenye matope inamfanya mtu asisome karatasi ya dawa. Aliyepoteza meno ya bandia hawezi githeri, anakula uji asubuhi na chai jioni hadi nguo zimpwaye. Hayo madogo nayapita haraka kwa sababu mnayaona wenyewe, ila mkifika kwa mzee mgeni, mwulizeni: unaona vizuri? unatafuna?

Kuhusu mawazo nitakaa kidogo. Mzee wa Kenya aliyevunjika moyo hatakuambia amevunjika moyo. Atakuambia mgongo unawaka, usingizi umemkataa, chakula hakina ladha. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi baada ya wiki na maumivu yale yale. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti mwaka 2025 iliyohusisha upweke na vifo vipatavyo 871,000 kila mwaka duniani. Sisi huwa tunadhani upweke ni ugonjwa wa Ulaya, wa wazee walioachwa peke yao na mbwa wao kwenye nyumba kubwa. Hapa mtu ana wajukuu watatu chumba kimoja na bado ni mpweke, kwa sababu hakuna hata mmoja anayeweza kumwambia, unakumbuka mwaka ule?

Na kuna hofu moja ambayo wazee wameniambia kwa sauti ya chini: nikifa huku, nani atanizika? Mnajua vikundi vyetu vya mazishi vinavyofanya kazi. Unachanga kila mwezi, ukifa wenzako wanakusafirisha hadi nyumbani, Siaya, Vihiga, Murang'a, Kitui, unalala kwenu. Kuna mzee aliyechanga tangu akiwa kijana wa kiwandani Industrial Area. Maji yakamhamisha, akakaa miezi mitatu bila kuchanga wala kuja mkutanoni, na katiba ya kikundi ikasema jina likatwe. Likakatwa. Miaka yote ile ikaenda. Viongozi wa vyama mlioko hapa, ninawaomba hili kwa heshima zote, na ninawaomba mlifanye mwezi huu: ongezeni kifungu kwenye katiba zenu. Mwanachama wa zaidi ya miaka 60 aliyehamishwa na mafuriko, moto au ubomoaji asikatwe jina kwa mwaka mzima, na mtu atumwe kumtafuta. Hakuna serikali inayohitajika kwa jambo hilo. Ni kalamu na mkutano mmoja.

Kuhusu serikali sasa. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inasema wazee waishi kwa heshima, washiriki mambo ya jamii, na wapate matunzo kutoka kwa familia na kwa dola. Kwa dola pia, mmesikia. Na Katiba hiyo hiyo inamhesabu mzee kuanzia miaka 60. Lakini Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee fedha, unaanzia miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi. Kati ya 60 na 70 kuna watu wengi waliochoka, waliokuwa wafua nguo na vibarua wa mjengo, ambao hawana pensheni wala Inua Jamii. Mafuriko yakija hao ndio huumia kimyakimya.

Aliye kwenye Inua Jamii aliandikishwa kupitia eneo la chifu wake na ofisi ya maendeleo ya jamii. Akihama, aende ofisi ya kaunti ndogo aliyofikia aseme amehama, asingoje kutafutwa. Kama hawezi kutembea, mpango unamruhusu ataje mlezi wa kumshughulikia. Hakikisheni mlezi huyo ni mtu ambaye mzee mwenyewe amemchagua akiwa peke yake, si mbele ya wanaomtaka. Kitambulisho kikipotea, apate ripoti ya polisi kisha aanze safari ya kuomba kingine mapema, kwa sababu bila kitambulisho hakuna linalosonga. Na vidole. Wanawake waliofua nguo za watu Eastleigh na Buruburu maisha yao yote, alama za vidole zimefutika, mashine inakataa. Msikubali mzee arudishwe nyumbani kwa sababu mashine imekataa. Mwombeni msimamizi, kaeni pale, kwa adabu, hadi njia nyingine ipatikane.

SHA, mamlaka mpya ya bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF, ile bima ya zamani, tarehe 1 Oktoba 2024. Wazee wengi wanaamini kwamba asiyelipa mchango wa mwaka hawezi kuingia hata zahanati. Sivyo. Aliyejisajili hutibiwa bila malipo kwenye zahanati na vituo vya afya vya ngazi ya 2 na ya 3, kwa kuwa hizo zinalipiwa na Hazina ya Huduma ya Afya ya Msingi. Mchango unadaiwa akienda hospitali kubwa au akilazwa. Kwa hiyo dawa ya presha na kupimwa sukari, haki hiyo anayo mtaani. Najua dawa huisha. Nimesimama mimi mwenyewe kwenye dirisha la dawa nikamwambia mzee aje Jumatatu, na nikaona uso wake, kwa sababu alikuwa ametembea. Hilo tutaendelea kulipigia kelele kwenye kaunti. Lakini asiyesajiliwa hata hiyo Jumatatu hana.

Nawageukia nyinyi wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 wahudumu 100,000 walizinduliwa kutoka pale Uhuru Park, na mikoba yenye mashine ya presha, kipimo cha sukari, mizani, na simu ya kuandikia kaya. Kila mmoja kaya kama mia moja. Ni kazi kubwa mnayofanya kwa posho ndogo, na mara nyingi hata hiyo posho inachelewa. Lakini tazameni orodha zetu zilivyo. Zimeandikwa kwa kaya, na kaya ina mahali. Tingatinga likipita, kaya mia moja zimetawanyika, na muhudumu mwenyewe, aliyekuwa akiishi pale pale, naye anatafuta chumba. Yule shosho wa presha aliyekuwa akipimwa kila mwezi hayumo tena kwenye simu ya mtu yeyote. Kule alikofikia, muhudumu wa pale ana kaya zake, na mgeni aliye nyuma ya pazia kwa mwanawe hajaandikwa.

Ndiyo maana nasema kukabidhi. Tusingoje mvua. Vuli huanza Oktoba, na tuko Agosti.

Kila muhudumu aandike sasa wazee wa eneo lake wanaoishi ukingoni mwa mto, kwenye hifadhi ya reli, chini ya nyaya za umeme, au popote palipowekwa alama nyekundu ya X ya kubomolewa. Jina, miaka, simu yake, simu za watu wawili wa karibu, kliniki anayokwenda, lugha anayoielewa vizuri, na swali moja ambalo huwa hatuulizi: ukilazimika kuondoka usiku, utakwenda kwa nani? Mwulizeni kwa upole, kwa sababu wengine watalia. Piga picha pakiti za dawa zake kwa simu, ili hata zikisombwa tujue alikuwa akimeza nini na kiasi gani. Na mwambieni atundike mfuko wa plastiki wenye zipu kwenye msumari karibu na mlango: kitambulisho, kadi ya kliniki, dawa za siku saba, miwani akiivua. Vijana, nanyi mgawane wazee hao kwa majina. Usiku wa maji, wewe unajua kabisa kwamba kazi yako ni guka wa ile nyumba ya kona, humwachi.

Akishahama, ndani ya wiki mbili simu ipigwe. Muhudumu wa mtaa wa zamani ampigie wa mtaa mpya: nina mama wa miaka 74, ana sukari, amefikia kwa binti yake nyuma ya soko, mfikie. Na aliyepokea arudishe jibu: nimemwona. Bila jibu hilo hujakabidhi. Nimechagua wiki mbili kwa sababu ya zile dawa nilizosema mwanzo. Zaidi ya hapo tunacheza na kiharusi.

Mtaniambia kuna mipaka. Ni kweli. Githurai 44 ni Nairobi, Githurai 45 ni Kiambu. Anayekwenda Kitengela ameingia Kajiado, anayekwenda Mlolongo ameingia Machakos. Bajeti na wasimamizi ni tofauti. Lakini simu haijui kaunti. Wasimamizi wenu wana nambari za wenzao, na wasipokuwa nazo nitazitafuta mimi.

Jambo la siri. Wapo wazee wanaomeza dawa za virusi vya Ukimwi na hata watoto wao hawajui. Wapo waliowahi kuugua akili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inatukataza kusambaza habari hizo, na hata isingekuwepo, utu unatukataza. Ugonjwa wa mtu hauandikwi kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mzee aulizwe: naweza kumwambia muhudumu wa kule kuhusu dawa zako? Akikataa, mpe mwenyewe barua iliyofungwa, aamue ataifungua kwa nani.

Kuna kizuizi kingine ambacho vitabu vya afya havikitaji. Mama anaambiwa, nenda kwa binti yako, ana chumba Kayole. Hatakwenda. Kwa mila za wengi wetu, mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwewe, na chumba cha Nairobi ni kimoja, pazia katikati. Nimemkuta mama wa aina hiyo akilala kwenye benchi la kanisa huku binti yake ana kitanda, na vijana wakimcheka kwamba ni ukaidi. Msimcheke. Kwake ni suala la adabu aliyolelewa nayo, na ukimlazimisha atalala macho usiku kucha. Afadhali tumtafutie mama mwenzake anayeishi peke yake, wakae wawili. Akina mama wa kanisa na wa msikiti, hii ni kazi yenu, mnawajua wajane wenye nafasi. Na mzee akikaa kwa mwanawe, mkumbukeni pia yule mke anayemhudumia. Yeye ndiye anayeamka usiku, anayefua mashuka, na bado alfajiri anakwenda kutafuta. Muhudumu akifika kumpima mzee, ampime presha na yeye.

Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa nyumba na vibanda katika miji yake. Mama Anna Tibaijuka wa Tanzania, aliyekuwa akiongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, hapa Gigiri, alitumwa na umoja huo kwenda kuona. Ripoti yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, riziki, au vyote viwili. Mwaka uliofuata, katika mtaa wa Mbare mjini Harare, daktari wa akili Dixon Chibanda hakuwa na madaktari wenzake wa kutosha wala chumba ndani ya kliniki. Alipewa akina bibi 14, wahudumu wa afya wa mtaa. Wakafundishwa kumsikiliza mtu bila kumkatiza, kumsaidia ataje shida zake zote, achague moja, apange hatua ya kuanza nayo. Wakakaa na watu kwenye benchi la mbao nje. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliozungumza na akina bibi hao walikuwa na dalili chache za huzuni na wasiwasi kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Kinachonigusa hapo ni nani aliyekuwa akitoa huduma. Ni wazee. Sisi tunampokea mzee aliyehama, tunampa kiti, blanketi na uji, tunamwacha hapo tukiamini tumemheshimu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na kwa wazee wetu jembe hilo ni dawa. Mwanamke aliyeuza mboga miaka arobaini anajua kusikiliza shida za watu kuliko mimi mwenye cheti. Fundi seremala aliyepoteza kibanda chake anaweza kufundisha. Anayeweza kukaa mlangoni na kuona watoto wakitoka shule salama, apewe kazi hiyo kwa jina, na watu wote wa ploti waijue. Akikosekana siku moja, watamuulizia. Ndivyo jirani mpya anavyojifunza jinsi mzee anavyoongea akiwa mzima.

Nisiwasahau wazee wakimbizi, kwa sababu ni majirani zetu Eastleigh, Kayole na Kasarani. Msomali, Mworomo, Mkongomani aliyezeekea safarini. Inua Jamii ni ya raia, hawamo. Wengi wanakuja kliniki na mjukuu wa miaka kumi kuwa mkalimani. Je, bibi atamwambia mtoto huyo kwamba anatokwa na damu? Hatamwambia. Kila kituo kipate nambari za akina mama wawili watatu wanaojua Kisomali na Kioromo, watu wazima, wanaotunza siri. Wapo mtaani mwetu, na wakiombwa kwa heshima hawakatai.

Nimesema vya kutosha. Tunaanza kuandika sasa hivi, si wiki ijayo. Meza ya mlangoni ni ya Mathare na Huruma, ile ya dirishani ni ya Mukuru, ya katikati ni ya Korogocho na Kariobangi. Wageni wetu kutoka Githurai na Kayole, nyinyi ni wapokeaji, zungukeni kila meza mwache nambari zenu. Kila muhudumu aanze na wazee watano anaowajua kwa jina. Orodha yenye habari za dawa inabaki kwa muhudumu na msimamizi wake peke yao. Ya mzee wa mtaa na ya vijana iwe na majina, simu na mahali tu. Jumamosi ya kwanza ya Septemba tunarudi hapa, na kila meza itasoma ni wazee wangapi wamefikiwa, na nani bado hajapatikana.